Namna Ruwenzori Ulivyopandwa

Ninyi mnaokaa Beni au Mutwanga mnaujua mlima Ruwenzori. Asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, weupe wake unaonekana huko juu, kisha unafichika siku nzima, pengine juma zima. Wazee wa Wakonjo waliita theluji ile nzururu, wakasema ni makao ya Kitasamba, wala hawakuona haja ya kwenda kumsumbua.

Kilele chake kikubwa, Margherita, kina metri 5,109. Katika Afrika yote kinapitwa na Kilimanjaro na mlima Kenya tu. Tukiuliza nani alifika wa kwanza, vitabu vinajibu upesi: mtu wa jamaa ya wafalme wa Italia, mwaka 1906. Ni kweli. Lakini kwa nini waliomtangulia walirudi njiani, nao walikuwa na miguu mizuri kama yeye? Mimi naona ya kuwa habari yote imo katika mizigo ya wapagazi: posho na nguo.

Tuanze upande wetu. Mwaka 1889 Stanley alipita bonde la Semliki pamoja na Emin Pasha, wakielekea pwani ya mashariki. Mwezi wa Juni akamtuma afisa wake, Stairs, ajaribu mlima. Stairs akaenda na Waunguja wapata 40. Emin naye alianza safari, lakini alichoka mapema akarudi kambini. Stairs alifika karibu metri 3,250, akaona mabonde mengine yenye kina kirefu yanamtenga na theluji. Watu wake walikuwa wametoka kupita msitu wa Ituri, ambamo wenzao wengi walikufa kwa njaa. Hawakuwa na nguo za baridi, wala chakula cha siku nyingi. Basi akageuka. Wengine wanamhesabu kama aliyeshindwa, lakini mimi namsifu: aliwarudisha watu wake kwa wenzao.

Mwaka 1891 Mdachi mmoja, Stuhlmann, alipanda kwa bonde la Butahu, akapita metri 4,000. Alikuwa mtu wa elimu, akaandika jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda: kwanza msitu mkubwa, kisha mianzi, kisha miti iliyovikwa kuvu na ndevu za majani, kisha mimea ya ajabu inayofanana na mikungu ya ndizi iliyosimamishwa juu ya nguzo. Theluji yenyewe hakuikanyaga. Lakini njia yake ya Butahu ndiyo njia ya upande wa Kongo hata leo.

Sasa tumtazame yule Mwitalia, Luigi wa Savoia, aliyeitwa Duki wa Abruzzi. Yeye hakuja kujifunzia kwetu. Mwaka 1897 alikuwa amepanda mlima Saint Elias katika Alaska. Mwaka 1899 na 1900 alikuwa katika barafu ya kaskazini ya dunia, ambako baridi ilimkata vidole 2, na watu 3 wa safari yake wakapotea barafuni, wasionekane tena. Mtu aliyeona mambo hayo anahesabu vizuri.

Hebu nasi tuhesabu. Mpagazi wa zamani katika Uganda alibeba karibu kilo 23. Tuseme kila mtu anakula kilo moja ya unga na maharagi kwa siku. Watu 20 wakikaa mlimani siku 6, wanakula kilo 120. Chakula hicho kinataka wapagazi wengine 6. Nao wanakula pia, kilo 36. Basi ongeza wapagazi 2. Watu 20 wamekuwa 28, na bado hatujabeba hema hata moja. Asiyefanya hesabu hii nyumbani ataifanya mlimani, usiku, watu wakimtazama.

Duki alifika Mombasa mwezi wa Mei 1906, akapanda gari la moshi na meli ya ziwa mpaka Entebbe, kisha akaenda kwa miguu mpaka Fort Portal na mamia ya wapagazi. Alichagua mwezi wa Juni, wakati mvua zinapopungua (nasema zinapungua, kwa maana Ruwenzori haujui jua la siku nzima). Huko juu mizigo ilichukuliwa na Wakonjo, wenyeji wa mlima. Kambi kubwa ikawekwa Bujongolo, karibu metri 3,800, chini ya jabali lililoinama kama paa. Pale Wakonjo walikesha wakiota moto. Chakula kikaletwa kutoka chini, na Duki akaendelea na watu wachache tu.

Alikuwa na viongozi kutoka Courmayeur, kijiji kilicho chini ya mlima Mont Blanc: Joseph Petigax, César Ollier na wengine. Tarehe 18 Juni waliingia katika ukungu, wakafikia ukingo wa theluji uliowafunga njia karibu na kilele. Ollier akajikaza akawa ngazi, na Petigax, mwenye viatu vya misumari, akapanda mabegani pake akapita. Kisha wakawavuta wengine kwa kamba. Duki akakipa kilele jina la malkia wa Italia. Jina la Ollier wala la Mkonjo yeyote aliyechukua mizigo mpaka Bujongolo halikupewa kilele hicho.

Mwaka 1932 Wabelgi waliupanda mlima kutoka upande wa Kongo, wakiongozwa na Xavier de Grunne, pamoja na wataalamu wa mimea na wa mawe. Kilele kimoja kilicho jirani na Margherita kinaitwa Albert, jina la mfalme wao, ambaye naye alipenda sana kupanda. Tarehe 17 Februari 1934 mfalme huyo alipanda peke yake jabali la Marche-les-Dames, kwao Ubelgiji, akaanguka akafa. Jabali lile ni dogo sana mbele ya mlima wetu.

Wakati wa Wabelgi vilijengwa vibanda katika njia ya Butahu: Kalonge, karibu metri 2,100, Mahangu, 3,300, Kiondo, 4,300. Mipango mingi iliwapandisha wageni kibanda kimoja kila siku. Hapo sikubaliani nayo. Waganga wa leo wanasema ya kuwa ukipita metri 3,000 usizidishe metri 500 hivi kati ya usiku na usiku, kwani hewa ni nyembamba. Kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula, na mtu akianza kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi hali amekaa, dawa yake ni kushushwa mara moja, hata ikiwa ni usiku. Kwa hiyo mwenye kupanga safari aweke siku ya kupumzika Mahangu, na posho ya siku hiyo ihesabiwe tangu Mutwanga. Kila mpagazi apate blanketi, viatu na koti la mvua kabla ya kuanza, si ahadi.

Kwanza lakini iulizwe ofisi ya Mbuga ya Virunga kama njia iko wazi, maana vita vya nchi ya Beni vimeifunga mara nyingi. Tena barafu imepungua sana tangu 1906. Sehemu kubwa ya ile aliyoikuta Duki imeyeyuka. Mahali ambapo wazee walikanyaga theluji, leo pana mwamba mtupu na utelezi. Basi ukimpata kiongozi, usimwulize ameupanda mlima mara ngapi. Mwulize alifika juu mara ya mwisho mwaka gani.