Askari wa Hifadhi na Kivuli cha Wissmann

Katika miaka ya 1890, meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikuwa ikikata maji ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1896 Wissmann mwenyewe, akiwa gavana, alitoa amri ya wanyamapori: mwindaji sharti awe na kibali cha dola.

Leo, katika nyanda za juu ya Kyela, ipo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua. Huko askari wa doria hupambana na wachimbaji wa viazi vya okidi, ambavyo huliwa Zambia kwa jina la chikanda. Maua yalindwe, sikatai. Wala askari hakuitunga sheria. Lakini sheria inayomkamata mwenye jembe bila kumfikia mwenye soko imebadili bendera tu.