Namna ya Kupanga Usukani wa Pikipiki kwa Mkao Salama na Usiochosha

Pikipiki ni chombo cha kazi kwa maelfu ya wananchi, wakiwemo madereva wa bodaboda, maofisa ugani, watoa huduma za afya ngazi ya jamii na wafanyabiashara wadogo. Wengi wao hukaa juu ya pikipiki kuanzia alfajiri hadi usiku. Maumivu ya viganja, ganzi ya vidole, kukakamaa kwa mabega na kuuma kwa kiuno vimezoeleka kiasi cha kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Hata hivyo, mara nyingi chanzo chake ni usukani uliokaa katika pembe isiyolingana na mwili wa dereva, na tatizo hilo linaweza kurekebishwa kwa spana chache bila kununua kifaa chochote.

Pamoja na wepesi wake, marekebisho hayo yanahitaji uangalifu mkubwa. Usukani ndio unaobeba breki ya mbele, klachi, kishikio cha mafuta, swichi na vioo. Ukisogezwa bila kukaguliwa, waya unaweza kuvutika au boliti kulegea dereva akiwa barabarani na abiria. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua mkao mbaya, hatua za kuurekebisha na ukaguzi unaopaswa kufanyika kabla ya pikipiki kurudi kazini.

Kwa nini mkao ni suala la usalama

Kiwanda hupanga usukani kwa kukadiria mwili wa wastani. Dereva mfupi hulazimika kunyoosha mikono na kuinama, na mrefu hujikunja mabega. Mkao unaofaa kwa pikipiki za kawaida za kazi ni ule ambao mgongo umenyooka bila kukakamaa, mabega yameshuka, viwiko vimekunjwa kidogo, na kifundo cha mkono kimenyooka sambamba na mkono. Uzito wa mwili unapaswa kubebwa na kiti na vikanyagio, si viganja.

Kifundo cha mkono kina njia nyembamba inayopitisha mishipa ya fahamu pamoja na kano za vidole. Kinapokaa kimepinda kwa saa nyingi, mishipa hiyo hubanwa. Ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati huashiria mbano katikati ya kifundo. Ganzi katika kidole cha mwisho na sehemu ya kidole cha pete huashiria mbano upande wa nje wa kiganja, au kwenye kiwiko. Mtetemo wa injini na wa barabara mbovu huongeza madhara hayo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2002 linamtaka mwajiri kuchukua hatua pale mtetemo unaofika mikononi unapozidi mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya kazi ya saa 8, na linakataza kuvuka mita 5.

Athari zake hazimgusi dereva peke yake. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, pikipiki husafiri takribani mita 14 kila sekunde. Dereva mwenye vidole vyenye ganzi akichelewa nusu sekunde kushika breki, atakuwa amesogea mita 7 zaidi. Umbali huo watosha kuvuka kivuko cha waenda kwa miguu.

Kupima mkao kabla ya kushika spana

Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa mahali tambarare. Dereva avae mavazi ya kazini, pamoja na kofia ngumu na koti, akae katika nafasi yake ya kawaida, kisha mtu wa pili amtazame kwa ubavuni. Dalili zifuatazo zitasaidia kujua kinachohitaji kurekebishwa:

- Viwiko vimenyooka kabisa na uzito umelalia viganja: usukani uko mbali au chini, na unafaa kuzungushwa kidogo kumwelekea dereva.
- Mabega yamepanda au viwiko vimebanwa mbavuni: usukani uko juu mno au karibu mno, na unafaa kuzungushwa kidogo kwenda mbele.
- Vidole vinanyanyuka na kifundo kupinda ili kufikia breki au klachi: mikono ya breki na klachi imekaa juu mno. Hapo usukani wenyewe huenda hauna tatizo.
- Dereva ameketi upande au bega moja limeshuka: usukani unaweza kuwa umepinda kutokana na ajali au kuanguka. Huo haurekebishwi kwa kuzungushwa, unabadilishwa.

Kama usukani unanasa unapofika katikati, au unasikika mgongano mbele wakati wa kufunga breki, tatizo huenda liko kwenye beringi za shingo ya usukani. Pikipiki ya aina hiyo ipelekwe kwa fundi kabla ya marekebisho mengine.

Hatua za marekebisho

Hatua ya kwanza ni mikono ya breki na klachi, kwa kuwa ndiyo rahisi na yenye hatari ndogo. Boliti zinazoishikilia zilegezwe kidogo bila kutolewa. Mikono hiyo izungushwe hadi vidole vinapoifikia huku kifundo kikiwa kimenyooka, kisha ikazwe. Madereva wengi hugundua kuwa marekebisho hayo pekee yanatosha.

Hatua ya pili, ikiwa bado kuna tatizo, ni usukani wenyewe. Pikipiki nyingi za kazi zina usukani wa bomba moja lililopinda, linaloshikiliwa na vibano viwili vyenye boliti nne juu ya shokapu za mbele. Kabla ya kulegeza chochote, tangi la mafuta lifunikwe kwa kitambaa kizito, na alama ya kalamu ya wino mzito au utepe iwekwe kwenye bomba na kwenye kibano ili kujua nafasi ya awali. Boliti zilegezwe kiasi cha kuruhusu bomba kuzunguka kwa mkono, zisitolewe. Mabadiliko ya milimita chache kwenye alama hiyo huonekana makubwa pale viganja vinaposhika, hivyo usukani usogezwe kidogo kidogo, na dereva akae na kupima kila mara.

Hatua ya tatu ni kukaza. Boliti zikazwe kwa kupokezana ili vibano vishike sawasawa pande zote. Baadhi ya vibano vina alama ya nukta au mshale inayopaswa kuelekea mbele, na baadhi ya viwanda huelekeza boliti za mbele zikazwe kwanza, hivyo mwongozo wa pikipiki husika ufuatwe. Kiwango cha kukaza pia kimo katika mwongozo huo, na fundi mwenye spana ya kupimia nguvu ndiye anayeweza kukifikia kwa uhakika. Kurefusha spana kwa bomba ili kukaza zaidi ni kosa la kawaida linaloharibu nyuzi za boliti, na kibano kilichoharibika nyuzi hakiaminiki tena.

Hatua ya nne ni kurejesha vilivyosogea. Usukani unapozunguka, mikono ya breki na klachi, vioo na swichi huzunguka nao, kwa hiyo vyote vipangwe upya. Kwa pikipiki yenye breki ya maji mbele, kikopo cha maji ya breki kiwe kimekaa wima na mpira wake usiwe umejipinda. Maji yakivuja, au breki ikiwa laini kuliko awali, pikipiki isiendeshwe hadi fundi aikague.

Ukaguzi wa lazima kabla ya kurudi barabarani

Injini ikiwa imezimwa, usukani ugeuzwe hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia. Waya na mipira isikazike, isibanwe wala isisuguane na fremu, na vidole visigongane na tangi. Kishikio cha mafuta kikivutwa na kuachiwa kirudi chenyewe kwa haraka katika kila upande.

Baada ya hapo, pikipiki ikiwa nje, juu ya stendi na gia ikiwa huru, injini iwashwe na usukani ugeuzwe tena pande zote mbili. Mngurumo usibadilike. Ukipanda wakati wa kugeuza, waya wa mafuta unavutwa, na pikipiki hiyo inaweza kuongeza kasi yenyewe kwenye kona. Kishikio cha mafuta kwa kawaida huwa na mchezo wa milimita 2 hadi 6 kabla ya kuanza kuvuta, na mkono wa klachi katika pikipiki nyingi huwa na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha, ingawa kipimo cha mwongozo ndicho cha kufuatwa.

Dereva akandamize ncha zote mbili za usukani kwa nguvu za mwili. Ukisogea hata kidogo, vibano havijakazwa vya kutosha. Taa ya breki, honi na indiketa zijaribiwe. Majaribio ya mwisho yafanyike mahali pa wazi, kwa mwendo mdogo na bila abiria. Boliti zikaguliwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Mambo ya kuepuka

Usukani usikatwe, usichomelewe wala usinyooshwe kwa moto au nyundo. Chuma kilichochomelewa au kupindwa mara ya pili hudhoofika mahali pasipoonekana na kinaweza kukatika ghafla. Kuinua usukani kwa vipande vilivyotengenezwa mtaani ni hatari ya namna hiyo hiyo, na usukani mrefu zaidi huhitaji waya na mipira mirefu zaidi.

Madumu, mifuko na mizigo isining'inizwe kwenye usukani, kwa kuwa huuvuta upande mmoja na kuufanya mzito kugeuza. Mwavuli uliofungwa mbele hukamata upepo na kuutikisa usukani, hasa gari kubwa linapopita. Kishikilia simu kisifunike dashibodi wala kuzuia mikono ya breki na klachi.

Pikipiki za mkataba na za zamu

Madereva wengi huendesha pikipiki za watu wengine, na baadhi hupokezana na dereva wa zamu, maarufu kama deiwaka. Dereva anashauriwa kumjulisha mmiliki kabla ya kusogeza usukani, na mmiliki anashauriwa kuruhusu marekebisho hayo, kwani maumivu ya dereva hupunguza umakini wake na kuongeza hatari kwa mali na maisha. Pale wanapotofautiana sana kwa kimo, wakubaliane nafasi ya katikati badala ya kulegeza na kukaza boliti kila siku, jambo linalochakaza vibano. Anayepokea pikipiki ajaribu breki, kishikio cha mafuta na uimara wa usukani kabla ya kubeba abiria wa kwanza.

Wajibu wa dereva

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo cha moto kinachotumika barabarani kiwe katika hali nzuri. Kuwa na leseni ya daraja A, kofia ngumu na bima hakumwondolei dereva wajibu huo. Asiye na uhakika wa hatua yoyote iliyoelezwa hapa amwone fundi mwenye ujuzi.

Ganzi au maumivu yakiendelea kwa wiki kadhaa baada ya marekebisho, yakimwamsha dereva usiku, au mkono ukianza kupoteza nguvu, afike kituo cha kutolea huduma za afya mapema. Mshipa wa fahamu uliobanwa kwa muda mrefu unaweza kupata madhara ya kudumu. Hata usukani uliopangwa vizuri hauondoi haja ya mapumziko: kushuka, kunyoosha mgongo na kufungua viganja kwa dakika chache kati ya safari ni sehemu ya uendeshaji salama.