Kabla ya Spa Kulikuwa na Kaya ya Mfumu

Utalii wa afya ukitajwa siku hizi, picha inayokuja ni ya mgeni aliyetoka Serengeti na vumbi la safari, amelala hotelini anakandwa kwa mafuta. Kwa mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 na kupakana na hifadhi hiyo, ni rahisi kudhani biashara hii ni ngeni, ya kungojea wawekezaji. Historia inasema vingine. Pwani, safari ya afya iliendana na maji: Seyyid Said alijenga mabafu ya Kidichi, Unguja, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, na baadaye Sultani Barghash akawajengea watu wa mjini Hamamni. Usukumani hakukuwa na bafu la sultani. Watu wa Bariadi, Maswa na Meatu walimfuata mtu, yaani mfumu, mganga wa jadi. Mgonjwa alifika na ndugu wa kumuuguza, akapewa pa kulala, akakaa wiki au miezi akinywa mizizi iliyochemshwa na kujifukiza. Aliyepata nafuu alishika jembe shambani kwa mwenyeji. Malipo makubwa, mbuzi au ng'ombe, yalisubiri apone.

Na starehe ilikuwepo. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinafuatilia asili yake hadi kwa waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mashindano yao yalikuwa ya ngoma na ya dawa kwa pamoja: aliyevuta umati mkubwa ndiye mwenye dawa kali. Wayeye, wacheza na nyoka, walimfurahisha mtazamaji kwa chatu, na hao hao ndio waliotafutwa mtu akiumwa na nyoka. Uponyaji na burudani vilikaa kiwanja kimoja.

Kuna atakayepinga kwamba spa ni ya mtu mzima wa afya anayetaka kupumzika, ilhali kwa mganga huenda mgonjwa. Lakini hata mji wa Spa wa Ubelgiji, wenye jina hilo, ulipata sifa kwa wagonjwa waliokwenda kunywa maji yake yenye madini ya chuma. Starehe ilikuja kutawala baadaye. Pingamizi zito ni la madhara. Mauaji ya watu wenye ualbino yalichochewa na wapiga ramli, Kanda ya Ziwa ikiwa kitovu, hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasimamisha waganga mwaka 2009. Hilo haliwezi kufunikwa na sifa za mizizi.

Ila kuna funzo katika namna ya kulipa: tazama Samunge, Loliondo, ng'ambo ya Serengeti. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, wengine wakifia njiani, wengine wakiacha dawa za hospitali. Hapakuwa na kulazwa wala kuangaliwa: unakunywa, unageuza gari. Bei ilikuwa ndogo mno, lakini ililipwa kabla. Kwa mfumu wa zamani, mgonjwa asiyepona alibaki na ng'ombe wake zizini, na mganga alilazimika kumwona kila asubuhi. Hoteli ya kukanda nayo hutoza mgeni apone au asipone, sawa na Samunge.