Kufufua redio ya kivita ya valvu: hatari imo katika umeme wake

REDIO aina ya R1155 ilikuwa sikio la ndege za kivita za Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Iliundwa na kampuni ya Marconi, ikafungwa katika ndege za kuangusha mabomu kama vile Lancaster na Halifax, sambamba na mtambo wa kurusha mawasiliano ulioitwa T1154. Vita vilipomalizika mwaka wa 1945, maelfu ya redio hizi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na vijana wengi wa Uingereza waliopenda elimu ya redio walianzia hapo.

Hadi leo wapo wanaozitafuta na kuzifufua. Kazi hiyo huhitaji subira kuliko pesa. Aghalabu anayeiharibu redio ya namna hii huiharibu katika dakika ya kwanza, kwa kuiwasha tu ili aone kama ingali nzima.

R1155 ina valvu kumi. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, nayo ndiyo iliyofanya kazi ya transista kabla transista haijabuniwa. Huhitaji umeme wa aina mbili: mdogo wa kupasha moto waya ulio ndani yake, na mwingine wa volti nyingi unaopita katika chupa na kubeba mawimbi ya sauti. Ndani ya ndege, betri iliendesha mota iliyozungusha jenereta ndogo, nayo ikatoa takriban volti 7 za kupashia joto na volti 217 za kazi yenyewe. Wachache huitumia mota hiyo hata leo, ila ina kelele na humaliza betri upesi. Walio wengi hutengeneza kisanduku cha umeme kinachokaa nje ya redio. Hilo ndilo jambo la busara, kwani redio nyingi zilikatwakatwa katika miaka ya 1950 ili transfoma na spika viingizwe ndani, na iliyosalia bila kuguswa sasa ni adimu.

Katika kisanduku hicho ndimo mafundi hodari huteleza. Kosa la kwanza ni la hesabu. Umeme wa transfoma ukipita katika dayodi na kapasita, volti zake hupanda mara 1.4 maadamu hakuna mzigo. Valvu nazo huchukua karibu nusu dakika kupata moto, kwa hivyo mwanzoni mzigo haupo. Anayechagua transfoma ya volti 220 hujikuta ameirushia redio zaidi ya volti 300. Ya volti 180 hivi hutosha. Huanza na 250, kisha hushuka kadiri valvu zinavyoamka.

Kosa la pili ni la mazoea. Katika redio nyingi, upande hasi wa umeme mkubwa hufungwa kwenye fremu ya chuma. Katika R1155 sivyo. Upande hasi huifikia fremu kwa kupitia resista zilizo ndani ya redio, na tofauti ya volti inayotokea hapo ndiyo huzizuia valvu zisipitishe mkondo kupita kiasi. Fundi akiufunga upande hasi kwenye fremu kwa mkato, kizuizi hicho hupotea, nazo valvu hufanya kazi kwa nguvu zisizostahili hadi zichoke. Hata kopo la kapasita lililo katika kisanduku halifai kugusa chuma iwapo ganda lake ndilo upande hasi.

Kabla ya hayo yote, redio yenyewe ikaguliwe. Nyaya zilizovikwa mpira huwa zimekauka na hupukutika zikiguswa. Adui mkubwa zaidi ni kapasita za karatasi, ambazo unyevu umeziingia kwa zaidi ya miaka 70 na sasa huvujisha umeme. Mita ya kawaida huweza kuzipitisha kuwa nzima, kwa kuwa huzipima kwa volti chache mno. Iliyo karibu na valvu ya mwisho, ile inayotoa sauti, ibadilishwe bila mjadala. Anayejali sura ya kale huitoboa ganda kapasita kuukuu na kuificha mpya ndani yake.

Kisha huja kuwasha. Balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya, huunganishwa katika njia ya umeme unaoingia kwenye transfoma. Ikiwaka kwa mwanga mkali na kubaki hivyo, kuna mahali panapovuja, na umeme huzimwa papo hapo. Valvu hupashwa moto kwanza bila umeme mkubwa. Nyingi zimepakwa rangi ya chuma, kwa hivyo mwanga wake hauonekani na joto lake ndilo hupapaswa kwa uangalifu. Umeme mkubwa hufuata, huku mita ikionyesha miliampea. Zikikaribia 100, pana kasoro.

Fyuzi ni lazima, na fremu iunganishwe na waya wa ardhi. Volti 220 za namna hii huua, tena kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Resista iwekwe ya kuzimaliza, na mita ithibitishe kuwa zimekwisha kabla mkono haujaingia ndani.

Kurekebisha koili za masafa ni kazi ya mwisho kabisa, kapasita zikishabadilishwa. Hatua ya kati hupatanishwa katika kilohetsi 560. Redio ikitulia, hupokea kuanzia kilohetsi 75 hadi megahetsi 18.5, ingawa katika toleo la kawaida kuna pengo kati ya megahetsi 1.5 na 3. Katika kilohetsi 500, ambako meli ziliomba msaada kwa Morse hadi mfumo wa setilaiti ulipochukua nafasi hiyo kikamilifu mwaka wa 1999, sasa ni kimya. Karibu na megahetsi 7 wapenzi wa redio wangali wanabisha kwa Morse, nao husikika vizuri kwa vifaa vya masikioni, ambavyo ndivyo R1155 iliundiwa, kwani haikupewa nguvu za kuendesha spika.