Kidonge cha manjano: kuvunjika tumboni siyo kuyeyuka

Chukua glasi ya maji baridi, tia kijiko cha unga wa manjano, koroga. Maji yatabadilika rangi kidogo, lakini ukiiacha glasi kwa muda, unga unatulia chini. Tia unga huohuo kwenye mafuta ya moto, rangi inatoka haraka.

Rangi hiyo ni kurkumini, na ndiyo inayouzwa kwenye vidonge vya manjano. Katika unga wa kawaida ni kama asilimia 3 tu, kwa hiyo viwanda huikamua kwanza. Shida yake ni moja: inapenda mafuta, maji inayakataa. Na tumboni kumejaa maji.

Wengi tunadhani kidonge kikishavunjika kazi imekwisha. Hapana. Kinaweza kusambaratika haraka, halafu chembe zake zikapita utumbo mzima kama mchanga na kutoka chooni. Ndiyo maana maabara hupima mambo hayo mawili mbalimbali. Kujua kama dawa inayeyuka, kidonge huwekwa kwenye chombo cha maji, mara nyingi mililita 900, yenye joto la nyuzi 37 kama mwili. Kasia dogo linazunguka, na kila baada ya dakika kadhaa maji huchotwa na kupimwa.

Wataalamu wanafanyaje basi? Njia rahisi ni kusaga chembe ziwe ndogo sana, maji yapate pa kugusa. Inasaidia, lakini haitoshi. Kurkumini ni fuwele, yaani molekuli zake zimejipanga na kushikana sana.

Kwa hiyo huvunja mpangilio huo. Kurkumini na polima huyeyushwa pamoja kwenye alkoholi, kisha hupulizwa kama ukungu ndani ya hewa ya moto. Alkoholi inaruka, unabaki unga ambao molekuli zimetawanyika ovyo. Unga huo ukigusa maji, huachia kurkumini nyingi zaidi. Tatizo, unyevu na joto vinaweza kuzirudisha molekuli kwenye mpangilio wake wa zamani. Kwa hali ya hewa ya pwani hilo si dogo: chupa ifungwe vizuri.

Wengine huificha kurkumini ndani ya siklodekstrini, vipete vya sukari vinavyotengenezwa kwa wanga, au huifunga na lesithini ya soya.

Na pilipili manga? Hii watu wanaichanganya. Piperini iliyomo haiyeyushi kitu. Inazuia utumbo na ini visiivunje kurkumini haraka. Utafiti wa India wa mwaka 1998 ulionyesha gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini zilipandisha kiasi kilichofika kwenye damu ya binadamu mara 20 hivi. Lakini breki hiyohiyo inaweza kugusa dawa nyingine. Kiwango cha fenitoini, dawa ya kifafa, kinaweza kupanda kwenye damu bila wewe kujua.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Kidonge kinachoingia mwilini vizuri zaidi si lazima kiwe salama zaidi. Mwaka 2022 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ufaransa ilishauri mtu wa kilo 60 asizidishe miligramu 153 za kurkumini kwa siku kutoka kwenye vidonge, na ikatahadharisha hasa kuhusu vile vilivyoongezewa uwezo wa kufyonzwa. Australia nayo ilitoa onyo mwaka 2023 kuhusu madhara ya ini. Manjano ya kwenye pilau au mchuzi hayakuhusishwa na tatizo hilo.

Kama unatumia vidonge hivi, soma lebo uone kama vina pilipili manga. Una ugonjwa wa ini au unameza dawa kila siku? Muulize kwanza mfamasia. Na ukiona macho yanakuwa ya njano, mkojo umekolea kama chai ya rangi au mwili unawasha bila sababu, acha vidonge na uende hospitali siku hiyohiyo, na chupa uibebe.