Sheria au Uhasibu? Swali la Nyumbani Lenye Historia Ndefu

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Amesoma historia, uchumi na hisabati, kwa hiyo anaweza kuomba sheria na anaweza kuomba uhasibu. Kila Jumapili baada ya chakula, kesi hiyo husikilizwa upya sebuleni kwetu. Mama anataka sheria. Aliwahi kuzungushwa miaka sita kwa sababu ya kiwanja cha babu, na anasema nyumba isiyo na wakili ni nyumba isiyo na mlango. Mjomba, aliyekuwa mtunza vitabu wa chama cha ushirika, anataka uhasibu. Kwake yeye, wakili humngoja mteja, lakini mhasibu ndiye anayengojwa, kwa kuwa kila mwezi una mwisho wake. Jumapili moja mama alinigeukia akasema, "Wewe unayesoma historia chuoni, historia inasemaje?" Sikuwa na jibu siku ile. Insha hii ni jibu langu lililochelewa.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba babu zetu hawakuwa na nafasi ya kubishana hivi. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikakua hadi mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kwa miaka yote hiyo ilitoa waganga, walimu, wataalamu wa kilimo na wa mifugo. Julius Nyerere alisomea ualimu hapo kati ya mwaka 1943 na 1945. Sheria haikufundishwa. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Serikali ya kikoloni ilihitaji mtu wa kutibu na mtu wa kufundisha, lakini Mwafrika aliyejua sheria angeweza kusimama mbele ya gavana na kumuuliza amepata wapi mamlaka. Huko India na Afrika Magharibi, Waingereza walikwisha kuona jinsi mawakili wanavyogeuka kuwa wanasiasa.

Aliyeitaka sheria ilimbidi avuke bahari. Mfano mzuri ni Benedicto Kiwanuka. Alikuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha mkalimani katika Mahakama Kuu. Hebu fikiria kazi ile: kila siku anatafsiri maneno ya majaji na mawakili, naye mwenyewe hana ruhusa ya kutetea mtu. Alikwenda kusoma Lesotho, akaendelea London, na mwaka 1956 akawa wakili. Miaka mitano baadaye alikuwa akiongoza serikali ya kwanza ya kujitawala, kabla ya uhuru wa Oktoba 1962. Godfrey Binaisa naye alisoma London, akawa Mwanasheria Mkuu wa Uganda huru, na mwaka 1979 akawa Rais. Woga wa wakoloni ulikuwa na msingi.

Uhasibu ulikuwa na hadithi nyingine. Hesabu haikuogopwa, ilidharauliwa. Mwafrika aliruhusiwa kuwa karani, kuandika daftari na kujumlisha safu za shilingi, lakini kukagua na kutia sahihi mwishoni ilikuwa kazi ya Mzungu au Mhindi. Hata hivyo, wakulima wa pamba walijua kwamba hesabu ni nguvu. Serikali ilipanga bei ya pamba, na viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa wengine. Mkulima alileta gunia lake, mtu mwingine akasoma mizani, mtu mwingine akaandika, naye akapewa alichopewa. Ghasia zilipolipuka Buganda mwezi Aprili 1949, miongoni mwa madai yaliyotajwa ni kwamba wakulima waruhusiwe kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Chama cha wakulima cha Ignatius Musazi kilikuwa katikati ya harakati hizo. Baadaye, wakati wa Gavana Andrew Cohen, vyama vya ushirika vilipewa njia ya kumiliki viwanda. Hapo ndipo kizazi cha kina mjomba kilipata kazi: ushirika wenye kiwanda unahitaji mtu wa kutunza vitabu.

Uhuru ulipokaribia, mlango wa sheria ulifunguliwa upesi. Kamati iliyoongozwa na jaji wa Uingereza, Lord Denning, ilipendekeza kwamba sheria ifundishwe Afrika Mashariki kwenyewe. Oktoba 1961 chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wanafunzi wa mwanzo hawakuzidi 15, na kitivo hicho kimoja kilitarajiwa kuhudumia Uganda, Kenya na Tanganyika. Makerere ilianza kufundisha sheria mwaka 1968. Mwaka 1970 kikaanzishwa Kituo cha Maendeleo ya Sheria, ambako hadi leo mhitimu wa sheria hupitia kabla ya kuwa wakili.

Kisha ukafika mwaka 1972. Kila nikiusoma naona kwamba kesi ya sebuleni kwetu ilianzia hapo.

Tarehe 4 Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, nao wakapewa siku 90. Maelfu kwa maelfu waliondoka, na pamoja nao wakaondoka wahasibu, wakaguzi wa hesabu, makarani wa benki na wenye maduka ya Kampala, Jinja na Mbale. Tarehe 21 Septemba, kabla siku hizo hazijaisha, Benedicto Kiwanuka, ambaye sasa alikuwa Jaji Mkuu, alikamatwa na watu wa serikali ndani ya Mahakama Kuu yenyewe, akauawa. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ameamuru Mwingereza mmoja aachiliwe kwa kuwa alizuiliwa bila mamlaka ya kisheria. Kwa hiyo, ndani ya majuma machache, nchi ilipoteza watu waliojua vitabu vya hesabu na ikampoteza mtu wa juu kabisa katika sheria.

Kilichofuata Waganda walikipa majina ya Kiswahili. Waliogawiwa maduka waliitwa "mafuta mingi", na biashara ya kujificha iliitwa "magendo". Hata bibi yangu, ambaye Kiswahili chake hakizidi salamu, anayajua maneno hayo mawili. Na magendo hayana daftari. Bei inapopangwa gizani na bidhaa zinavuka mpaka usiku, mhasibu mwaminifu hana cha kuandika. Vivyo hivyo, askari anapoweza kumtoa jaji ofisini kwake, wakili hana cha kusema. Mimi nilidhani taaluma hizi mbili ni wapinzani, kumbe zilizikwa pamoja.

Majirani walituacha mbali. Kenya ilikuwa na bodi yake ya mitihani ya uhasibu tangu mwaka 1969. Tanzania ilianzisha bodi yake mwaka 1972, mwaka uleule wa msiba wetu. Uganda ilisubiri hadi sheria ya mwaka 1992 ndipo ikapata taasisi yake ya wahasibu wa umma. Kabla ya hapo, aliyetaka cheti cha juu alitegemea mitihani ya nje, hasa ya Uingereza. Mjomba anasema alinunua vitabu vya mitihani hiyo mara moja tu, akaviuza ili alipe karo ya watoto.

Miaka ya 1990 ilibadilisha mambo haraka. Mamlaka ya Mapato ilianzishwa mwaka 1991, na kodi ya ongezeko la thamani ikaanza mwaka 1996, hivyo wafanyabiashara wengi wakalazimika kutunza rekodi. Katiba mpya ikapatikana mwaka 1995. Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wanaojilipia, sheria na biashara zilikuwa miongoni mwa masomo ya kwanza kufundishwa jioni. Mwaka 1997 shule ya biashara ya Makerere ikaanzishwa Nakawa. Benki zilipofungwa mwishoni mwa muongo huo, ikiwemo Benki ya Ushirika mwaka 1999, tume iliyochunguza iliongozwa na Jaji James Ogoola. Jaji akawa anauliza maswali ya mhasibu: fedha zilitoka wapi, zilikwenda wapi, nani alitia sahihi?

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Lakini fisi alikuwa akifuata harufu ya nyama tu, na nahofia nasi tunafanya hivyohivyo tunapouliza ni kazi gani italipa zaidi. Mama hasemi hivyo, lakini anachokiogopa ni nchi ambayo kiwanja chako chaweza kuchukuliwa na hakuna wa kukusemea. Mjomba naye anaogopa mizani ya pamba, yaani mtu mwingine kukuhesabia jasho lako. Wote wawili wanakumbuka mambo yaliyotokea kweli.

Jumapili iliyofuata niliwasomea haya, kwa Luganda. Mjomba alinyamaza kwenye habari za vitabu alivyoviuza. Mama akaniuliza kama nimemaliza, maana bado sijamwambia mtoto achague nini. Nikamwambia mdogo wangu hivi: wakili ni mtu wa kumwambia mkubwa kwamba sheria hairuhusu, na mhasibu ni mtu wa kumwambia kwamba hesabu hazilingani. Zote ni kazi za kukataa, na gharama yake yaweza kuwa kubwa. Ajiulize ni lipi kati ya maneno hayo mawili anaweza kulisema huku magoti yanatetemeka.

Alifikiri kidogo, kisha akaomba kalamu. Kwenye karatasi yake ya majaribio ameandika sheria ya kwanza, biashara ya pili. Mjomba ameomba aandike kwa penseli mpaka matokeo yatoke.