Walikuwa Wawili, Tena Si Wawili Tu

Kila aliyepita kwenye madawati ya shule zetu ana sentensi moja ya Samuel Baker kichwani. Inakaa kwenye ile orodha ya wapelelezi wa Kizungu, baada ya Burton na Speke, kabla ya Stanley: Baker, Mwingereza, alifika Ziwa Albert mwaka 1864. Ukiiandika kwenye mtihani unapata alama yako, unaruka swali linalofuata. Mwalimu hasemi, na kitabu hakisemi, kwamba ndani ya mtumbwi ule alikuwemo mwanamke.

Naam, ndugu msomaji, walikuwa mtu na mkewe. Au tuseme mtu na mwanamke aliyemwita mke, maana ndoa yenyewe ilifungwa baadaye, London, Novemba 1865, safari imekwisha na watu wameshazikwa njiani. Mimi ninayetamani siku moja kuandika riwaya, habari hii ilininyima usingizi. Wapenzi wawili, ziwa, tanga, maporomoko ya maji: mtu angedhani ni matembezi ya fungate. Lakini ngoja kwanza tuanzie kwetu, kwa sababu njia ya kwenda ziwa lile ilipita Karagwe.

Speke na Grant waliingia Karagwe Novemba 1861. Omukama Rumanyika aliwapokea vizuri Bweranyange, na kama kuna jambo alilolipenda mfalme huyu ni mazungumzo ya nchi: mto huu unatoka wapi, mlima ule uko upande gani, nani anatawala ng'ambo. Speke alimsifu sana kwa hilo. Mwenyewe aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda, Grant mguu ukamwuma vibaya akabaki kwetu hadi Aprili. Waliyoyasikia kwa wenyeji njiani, Karagwe, Buganda na Bunyoro, yaliwawezesha kuchora kwenye ramani ziwa ambalo wao wenyewe hawakulitia machoni. Wakaliandika Luta Nzige. Mtoto wa Kibingo hahitaji kamusi hapo. Kwita ni kuua, enzige ni nzige. Rwitanzige: muua nzige. Unaliona kundi likijaribu kuvuka maji mapana, mabawa yanachoka katikati, yanaanguka. Waliolipa ziwa jina hilo walikuwa wameliangalia kwa muda mrefu.

Tarehe 15 Februari 1863 Speke na Grant walifika Gondokoro, kwenye Mto Naili, karibu na ilipo Juba leo. Wakamkuta Baker amepiga kambi. Baker alikuwa akiomba Mungu (hivi ndivyo ninavyomsoma) wawe wameshindwa ili amalizie yeye. Kumbe walikuwa wamemaliza karibu yote isipokuwa lile ziwa la magharibi. Wakampa ramani na maelezo ya njia. Kwa hiyo maneno ya wazee wa huku kwetu yalikuwemo kwenye karatasi aliyoiweka mfukoni.

Na mwanamke je?

Jina lake Florence. Alizaliwa Transylvania, nchi ambayo siku zile ilikuwa chini ya Austria na leo iko Romania, yapata mwaka 1841. Vita na machafuko vilimfanya yatima. Mwaka 1859 alikuwa Vidin, mji wa Bulgaria uliotawaliwa na Waturuki, ananadiwa sokoni kama mtumwa. Baker alikuwa akipita mjini humo na rafiki yake, mwana wa kifalme wa Kihindi aitwaye Duleep Singh. Alikuwa mjane wa miaka 38 hivi, mkewe wa kwanza alifariki mwaka 1855. Alimwona yule msichana, na wakaondoka naye. Ndiyo, msomaji. Mke wa mpelelezi maarufu, yule ambaye baadaye aliitwa Lady Baker, alitoka kwenye soko la watumwa. Kitabu cha Baker juu ya ziwa, kilichotoka 1866, hakigusi Vidin hata kwa neno moja.

Tangu nilipojua hilo, siwezi tena kuisoma safari yao bila kumtazama mwanamke mwingine aliyekuwa nao: Bacheeta. Huyu alikuwa mwenyeji wa Bunyoro aliyekuwa mtumwa wa wafanyabiashara wa pembe kutoka Khartoum, akajifunza Kiarabu huko huko utumwani, naye Baker akamchukua kuwa mkalimani. Bila ulimi wake wangekuwa mabubu Bunyoro. Alikuwepo pia Saat, mtoto wa miaka kama kumi na miwili, naye aliyetoroka utumwani. Msafara uliosifiwa kuwa wa mtu na mkewe ulijaa watu waliowahi kuuzwa, mke mwenyewe akiwa mmoja wao.

Februari 1864 walikuwa kwa Omukama Kamurasi wa Bunyoro. Walikaa siku nyingi wakidaiwa zawadi, huyu anataka saa, yule anataka bunduki. Siku ya kuaga ikafika, na mfalme akamwambia Baker: nenda ziwani, lakini mkeo mwache hapa. Baker akatoa bastola. Florence akasimama, akamrushia mfalme maneno makali kwa Kiarabu, lugha ambayo mfalme haijui. Ndipo Bacheeta naye akapandwa na hasira, akayageuza matusi yale kwa Kinyoro, moja baada ya jingine, mbele ya mkuu wa nchi aliyotekwa. Mfalme akashangaa. Akasema hakukusudia ubaya, kwao mgeni hupewa mke mzuri, alidhani naye anaweza kubadilishana. Baadaye Baker aligundua kwamba hata huyo hakuwa Kamurasi bali ndugu yake, aliyetumwa kukaa kitini badala yake. Wanyoro nao walikuwa na akili zao!

Watu wengi hucheka hapo, hata mimi nilicheka. Lakini mfikirie Florence. Kwa mara ya pili maishani mwake wanaume wawili walisimama wakizungumza nani atabaki naye.

Siku chache baadaye, wakivuka Mto Kafu juu ya magugu yaliyofungamana, alianguka, amepigwa na jua. Alibebwa kwenye machela bila fahamu, siku kadhaa. Watu wa msafara wakaanza kutafuta mahali pa kuchimba kaburi. Akaamka. Tarehe 14 Machi 1864 waliteremka mteremko mkali kwenda ufukweni, Baker ameshika fimbo ya mwanzi, Florence amemwegemea bega. Baker akanywa maji, akalibatiza ziwa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria, aliyefariki Desemba 1861. Wavuvi waliokuwa pale, wenye nyavu zao na chumvi yao ya kuuza, walikuwa wakiishi kwenye Rwitanzige asubuhi hiyo, na jioni walikuwa bado kwenye Rwitanzige.

Walisubiri mitumbwi siku nane. Ilipokuja ilikuwa magogo yaliyochongwa, na Baker akachagua mmoja mfupi lakini mpana, akaujengea kibanda cha matete na ngozi kwa ajili ya mgonjwa. Wakaanza kufuata pwani ya mashariki kwenda kaskazini. Na hapa kweli ilikuwa safari ya kutazama. Upande wa kulia miamba imesimama kama ukuta, vijito vinaporomoka kutoka juu. Upande wa kushoto, ng'ambo, milima ya Kongo ya leo, ya buluu. Kiboko, mamba, tembo madume wakioga ziwani bila wasiwasi. Sehemu hizi za kitabu chake nazisoma polepole, maana Baker, pamoja na dharau zake kwa Mwafrika (nazo ni nyingi, zinachosha), alikuwa na jicho.

Usiku wa mwanzo wapiga makasia walitoroka. Sishangai. Walikuwa wamelazimishwa, na hawakujua watarudije kwao. Watu wa Baker wakashika makafi, mtumbwi ukazunguka kama kinu. Basi akatoboa tundu nyuma kwa keekee, akafunga kafi kuwa usukani. Akasimamisha mlingoti wa mwanzi, akatandika tanga, na tanga lenyewe lilikuwa shali kubwa la sufi la Kiskoti, lile la mirabamiraba. Napenda sana picha hii. Gogo la Bunyoro, nguo ya Uskoti, mwanamke wa Transylvania amelala kwenye kibanda cha matete, mtoto mtoro wa Sudani, wote wanasukumwa na upepo mmoja. Kila siku baada ya adhuhuri upepo ulichafuka. Siku moja wimbi lilijaza mtumbwi, wakafika ufukweni wameloa kabisa, hakuna aliyezama.

Siku ya 13 walifika Magungo, mahali ambapo Naili itokayo Ziwa Victoria inaingia. Wakapanda mto kwa mtumbwi, mpaka pale maji yote yanapobanwa kwenye ufa wa jiwe na kuanguka zaidi ya mita 40. Kiboko akauinua mtumbwi kwa mgongo, mamba wakitazama. Baker akayaita maporomoko hayo Murchison, jina la bwana mkubwa wa chama cha jiografia cha London ambaye hakuwahi kuyaona. Florence, aliyekuwa amekaa ndani ya mtumbwi huo homa ikimtetemesha, hakuna hata kijito walichokipa jina lake.

Kisha njaa. Wapagazi walikimbia, nchi ile ilikuwa na vita, na kwa miezi miwili hivi walikwama kwenye kijiji kitupu wakila unga ulioota ukungu, uliokuwa umefukiwa na wenyewe, pamoja na mboga za porini. Saat na Bacheeta walikuwa miongoni mwa waliotoka kutafuta kuku wa kununua kwa kauri. Mume na mke walikuwa hoi, wameshazungumza nani azikwe wapi.

Walipona. Saat hakufika: mwaka 1865, wakiteremka Naili kwenda Khartoum, tauni iliingia ndani ya jahazi ikamchukua. Uingereza ilimpa Baker nishani, na mwaka 1866 cheo cha Sir. Florence akawa Lady, lakini Malkia Victoria alikataa kumpokea, kwa kuwa alikuwa amesafiri na kulala na mwanamume kabla ya ndoa. Kanisa lilishafungisha ndoa, sheria ilisharidhika, Malkia hakuridhika.

Wakarudi. Mwaka 1869 Khedive Ismail wa Misri alimtuma Baker kukomesha biashara ya watumwa kwenye Naili ya juu na kuitwaa nchi. Florence alikwenda naye, na safari hii aliandika shajara, ambayo ilichapishwa mwaka 1972. Mei 1872 Baker alitangaza huko Masindi kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Omukama alikuwa Kabalega, mtoto wa Kamurasi, kijana ambaye hakukubali. Juni mji uliwaka moto. Msafara wa Baker ukakimbia kaskazini kwa miguu, siku saba, mikuki ikirushwa kutoka kwenye majani marefu pande zote mbili za njia, na Florence anatembea katikati yao amechukua risasi. Miaka minane kabla yake walikuwa wageni wanaoomba mtumbwi.

Mwaka 1973 ziwa lilipewa jina la Mobutu, Mobutu akaondoka, likarudi kuwa Albert kwenye ramani. Huko Bunyoro wanaliita Mwitanzige. Ikiwa nitaiandika riwaya yangu, itaanzia siku ile kwa Omukama, Bacheeta anayafungua mdomoni maneno ya Kiarabu ya mwanamke wa Vidin na kuyasema kwa lugha ya mama yake.